Mrehani Uliovuka Baridi

Mrehani hauna fujo. Unaweza kukaa nao dirishani wiki nzima usijue kama upo, mpaka siku mkono uuguse kwa bahati mbaya, unafunga pazia au unatafuta funguo, ndipo harufu inakurukia. Mimi ilinirukia juzi kwa jirani yangu hapa Morogoro, nilipokwenda kuazima ungo. Alikuwa ameupanda barazani kwenye ndoo iliyotoboka, na gauni langu likaufagia wakati napita. Nikasimama. Jirani akadhani nimejikwaa, akaniambia pole, nami nikaipokea ile pole kwa sababu nilikuwa naihitaji, ingawa sikuwa nimejikwaa popote.

Wanaonifahamu hupenda kunisaidia kuelewa mambo yangu mwenyewe. Mama yako mtu wa Tanga, husema, lazima mrehani ukukumbushe mama. Mimi huitikia tu, maana kueleza ni kazi ndefu na chai inapoa. Leo sina chai, kwa hiyo nitaeleza.

Tulikuwa tunakaa Izia, pale mji wa Sumbawanga unapochoka na mashamba yanapoanza. Baba alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya umma iliyokuwa ikisambaza bidhaa mkoani. Wa umri wangu mtakumbuka mtunza ghala alikuwa mtu wa namna gani wakati ule wa foleni za sukari na khanga. Baba akipita njiani watu walimsalimia kutoka mbali, na kulikuwa na wanawake waliomuulizia hali ya watoto wakati anaye mmoja tu, ambaye ni mimi. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni juu ya maturubai, na sisi watoto tukawa tunakwenda kunusa zile sabuni bila kununua. Nilizipenda sana. Sikujua kwamba ndizo zilizomtoa baba kazini. Ghala lilifungwa, baba akarudi nyumbani na kiti chake cha ofisini alichoruhusiwa kuondoka nacho, akakiweka uani, akakikalia.

Mama alikuwa amefika Ufipa kwa kumfuata yeye. Walikutana baba alipopelekwa Tanga kwenye mafunzo ya kazi, na ili wafunge ndoa kanisani mama alibatizwa, jambo ambalo kaka zake kule Muheza hawakulimeza. Pale Sumbawanga alizoea kila kitu isipokuwa baridi. Alivaa sweta chini ya khanga hata siku ambazo majirani walikuwa mikono wazi, na akiteka maji ya asubuhi alikuwa akiyaongelesha kama mtu anayemgombeza mbwa. Kitu kimoja tu alikuja nacho kutoka kwao na akakataa kukiacha, nacho ni mbegu za mrehani, zilizofungwa kwenye kipande cha kitambaa.

Kila mwaka baridi ya Juni iliua mrehani wake, na kila mwaka ikipita aliupanda upya. Sijui kama aliona uchungu, maana alifanya kama mtu anayefua nguo zilizochafuka. Nilikuwa msaidizi wake, na kazi ile ninaijua mpaka leo bila kufikiri. Mbegu za mrehani ni nyeusi, ndogo kama punje za ulezi au pungufu. Mama alikuwa akiziweka kidogo kwenye kiganja changu, anadondosha maji, tunangoja, na kila punje inavaa koti la ute kama yai la chura. Hiyo haikuwa na faida yoyote kwenye upandaji. Alifanya kwa sababu mimi nilicheka.

Udongo aliupepeta kwenye ungo mbovu, akachanganya na samadi ya zamani kutoka zizi la jirani yetu Msukuma, na alisisitiza iwe ya zamani, kwa sababu samadi mbichi inaunguza mizizi. Mbegu hakuzifukia. Alizitawanya juu, akazinyunyizia vumbi la udongo kwa vidole, basi, maana mrehani ukifukiwa kama mahindi hauoti. Maji alinyunyiza kwa mkono, si kwa kumwaga. Miche ikipata majani manne aliihamishia kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, akayapanga kwenye ukuta wa jiko unaopata jua la asubuhi. Ukifika urefu wa shibiri unaukata kichwa, nao badala ya kukasirika unatoa matawi mawili. Majani yake mama aliyaweka katikati ya nguo, mengine akayafunga pamoja na maua akatengeneza kikuba akakibana kifuani Jumapili, tukaingia kanisani tunanukia Tanga, na akina mama wa Kifipa wakageuka kutazama.

Mvua zilikuwa bado kubwa ilipofika habari kwamba mama yake mama yu mgonjwa sana. Baba alikuwa hana kazi, kwa hiyo kusafiri wote haikuwezekana. Nilimsindikiza stendi pamoja na baba. Mama aliinama, akanifunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akaniambia, "Mirehani uiangalie, mwanangu. Ukiona vichwa vya maua uvikate. Usiiache itoe maua mpaka nirudi."

Mkulima yeyote angeelewa. Mrehani ukishatoa maua unazeeka, majani yanakuwa madogo na machungu, kwa hiyo unaukata ili uendelee kuwa kijana. Lakini mimi sikuwa mkulima. Nilikuwa mtoto aliyeachwa stendi, na maneno yale niliyachukua yalivyo. Kwangu yalikuwa ahadi yenye masharti. Maua yakitoka kabla mama hajarudi, mama hatarudi. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu lilionekana jambo la wazi, na kwa sababu watoto wenye hofu kubwa hawasemi.

Bibi, mama yake baba, alikuja baada ya siku chache juu ya lori la mahindi kutoka kijijini, upande wa Laela. Aliletwa kunilea. Alishuka na jembe begani na furushi moja, akakataa kupokewa jembe. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye miguu mikubwa iliyopasuka visigino, na alizungumza Kifipa na nyumba nzima pamoja na kuku. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili. Tuliishi hivyo, kila mmoja na lugha yake, na hatukuwahi kushindwa kugombana.

Kitu cha kwanza kumkera kilikuwa uwanja wetu. Mama alikuwa ameuacha wazi, unafagiliwa. Bibi aliutazama akamuuliza baba kama mkewe analima hewa. Kule kwake alikuwa ameacha kazi ya ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa huyatengeneza mvua zikiwa bado zipo na majani yakiwa mabichi. Unayalaza majani kwenye duara, unayafunika kwa udongo uliochimbwa pembeni, yanaoza humo ndani taratibu, na juu yake unapanda maharage. Kwa kuwa alikuwa ameyakosa ya kwake, aliyatengeneza kwetu. Kwa muda mfupi uwanja wote ukajaa, kuanzia mlangoni hadi uzio.

Ntumba nilikuwa nimeziona mashambani maisha yangu yote. Lakini mashambani ni mashambani. Zilipokuja uani, mviringo mmoja baada ya mwingine, udongo mbichi umevimba, niliona makaburi. Mama ameondoka kwa habari ya ugonjwa, na huyu mwanamke mwenye jembe anachimba uwanja wetu wote. Nilianza kupita pembeni kabisa mwa uzio nikienda chooni. Bibi aliniona, akadhani nazikinga ntumba zake zisikanyagwe, akanisifia kwa baba kwamba nina adabu.

Mirehani aliiacha ilipo, ila aliidharau. Aliiita jani. Alisema inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, na akauliza inaliwa na nani. Mimi kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni, nilipita kopo kwa kopo nikitafuta vichwa vya maua. Vilipoanza kuchomoza nilivikata kwa kucha vikiwa bado vya kijani, nikavifukia ili visije vikachanua chini. Vidole vyangu vilikuwa vikinuka darasani. Mwalimu aliuliza nimepaka nini, nikasema ni dawa.

Usiku nililala na Bibi. Hakukuwa na mjadala juu ya hilo. Alikuta nalala peke yangu chumbani, akaniambia kwao hata mbuzi halali peke yake, akajilaza. Alinuka moshi na ulezi uliokaangwa. Miguu yake ilikuwa mikavu kama magome, lakini ilikuwa na joto, na baridi ilipoanza kushuka nilikuwa naitafuta kwa nyayo zangu bila kumwangalia usoni, maana mchana tulikuwa maadui.

Nilimwona adui kwa sababu ya maneno ya bombani. Akina mama pale walikuwa wanazungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mtoto ni ndoo. Walisema kaka zake mama hawatamwachia tena, safari hii wamempata. Walisema mke wa pwani hakai na mwanamume aliyefukuzwa kazi. Mmoja akasema bibi mkubwa naye amefurahi, hakuwahi kumtaka yule mwanamke tangu mwanzo, ona alivyokwisha kugeuza uwanja wake shamba. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Nililipima, nikaona linaingia kila mahali.

Mei ikaja, mwezi wa Bikira Maria. Bibi alikuwa mtu wa rozari, tena ya kupiga magoti kwenye sakafu tupu. Alikuwa na picha ndogo ya Mama Maria kwenye fremu ya bati, aliyokuja nayo ndani ya furushi, na mbele yake kila Mei aliweka maua kwenye glasi ya maji. Nyumbani kwake maua yalikuwepo. Kwetu yaliyokuwepo yalikuwa yameliwa na mbuzi wa jirani. Siku moja nilirudi shuleni nikapita kukagua makopo kama kawaida, nikakuta mirehani miwili imekatwa matawi yake marefu. Niliingia ndani. Matawi yalikuwa mbele ya picha, kwenye glasi, na kila ncha ilikuwa na kichwa cha maua nilichokuwa nimekiacha asubuhi kwa sababu kilikuwa bado kidogo mno kushikika kwa kucha.

Nilitaka kuyatoa. Bibi alikuwa amekaa palepale anachambua maharage, na mtoto hanyang'anyi kitu kilichowekwa mbele ya Bikira Maria, hata mimi nililijua hilo. Nilingoja. Nikawa naamka na kuitazama ile glasi kabla ya kuosha uso. Zikapita siku tatu au nne, kisha asubuhi moja yalikuwa yamefunguka, maua meupe, madogo, hayana hata maana ya kuitwa maua.

Nakumbuka nilipiga kelele za namna ambayo sijazirudia tena maishani mwangu. Nililia mpaka baba akaingia na sabuni usoni. Hakuelewa kitu, akadhani nimeumwa na nge. Bibi alimtoa nje, akakaa chini mbele yangu, akangoja nimalize. Nilipomaliza nikamwambia yote kwa pamoja. "Wewe umemzuia mama asirudi. Mama alisema maua yasitoke. Wewe ulitaka yatoke kwa sababu humpendi."

Aliutafuta mwisho wa uzi wa yale niliyosema. Kisha akaongea Kiswahili, nadhani ili nisije nikasingizia kwamba sikusikia. "Mjukuu wangu, mimi ninapiga magoti hapo kila siku. Unafikiri namwambia nini Mama wa Yesu? Namwambia arudishe mke wa mwanangu. Sina ua lingine la kumpa. Nimempa hilo la mama yako, ajue ni nani ninayemsema."

Sikujua mtu mzima anaweza kutaka kitu kilekile ninachokitaka mimi, na akakitaka kimyakimya, na akawa haombi ruhusa kwangu. Nilikaa sakafuni pamoja naye. Baadaye akasema niende nikanawe, shule imeanza, na uso wangu unatisha.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kweli. Wa Sumbawanga mnaijua, ile inayoingia kupitia tundu la funguo. Niliyasogeza makopo karibu zaidi na ukuta wa jiko, nikayafunika kwa gunia kila jioni. Asubuhi moja nilifunua gunia nikakuta majani yamekuwa meusi na laini kama mchicha uliopitiliza motoni. Kopo la kwanza, la pili, yote. Wakati huu sikupiga kelele. Niliingia ndani nikajilaza kitandani na viatu vya shule miguuni, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kukagua.

Bibi alikwenda kuyatazama makopo, akarudi, akaenda kwenye picha. Mei ilikuwa imekwisha, lakini glasi alikuwa hajaitoa. Sijui ni kusahau au ni ile tabia yake ya kutotupa kitu. Akaja nayo kitandani, akachomoa tawi moja, akalishika mbele ya macho yangu. Chini, palipokuwa ndani ya maji, palikuwa na mizizi. Mizizi myeupe, mingi, kama ndevu za mzee. Baadaye mama alinieleza kwamba tabia hiyo ya mrehani anaijua kila mwanamke wa Muheza, tawi ukiliweka majini linaota. Bibi hakuwa anajua, na mimi sikuwa najua, kwa hiyo tuliitazama ile mizizi kama watu wawili waliotokewa na malaika.

Tulitoka nje. Alipasua ntumba moja kwa mkono, akaingiza vidole, akanivuta mkono wangu ili nami niingize. Ndani kulikuwa na udongo mweusi unaomumunyuka, na kulikuwa na joto. Hapo nilipoona makaburi tangu mwezi wa pili kulikuwa na joto. Akajaza udongo ule kwenye makopo, akapanda matawi yake, akaminya pembeni kwa vidole gumba, na akatangaza kwamba majani haya hayalali nje tena.

Kuanzia siku hiyo tukawa na kazi. Asubuhi jua likishashika ukuta tunayatoa makopo, jioni kabla ya ubaridi tunayarudisha karibu na mafiga, si karibu sana yasije yakaungua. Yeye anachukua mawili, mimi mawili. Alikuwa anayabeba kwa kuyakumbatia kifuani, na majani yanamgusa kidevu, yanamgusa mikono, shingo. Harufu ikahamia kwake. Ilikaa kwenye khanga, kwenye blanketi, ikachanganyika na moshi na ulezi. Ule ndio mrehani ninaoujua mimi. Ule wa Jumapili wa mama ulikuwa manukato, huu ulikuwa mtu.

Tulianza pia kuongea. Alinifundisha rozari kwa Kifipa na mimi nikamfundisha majina ya sabuni za dukani, ambayo aliyaona ni ya kijinga yote. Alinisuka nywele vibaya sana. Alinisimulia baba alipokuwa mdogo, alivyoogopa bata, nami nikawa namtazama baba kwenye kile kiti chake uani nikijua siri yake. Usiku sikungoja tena asinzie ndipo niitafute miguu yake.

Baridi ilipolegea mirehani ikaanza tena kutoa vichwa vya maua. Nilivikimbilia na kucha zangu. Bibi akanishika mkono, akauliza kwa upole, "Tukikata yote, mwakani tutapanda nini?" Mbegu mama alikuwa ameondoka nazo, au zilikuwa zimekwisha, hatukuziona ndani ya nyumba. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Aliniachia nichague mwenyewe. Nililiacha kopo moja lichanue, na siku lilipochanua nilikaa karibu nalo kutwa nikingoja habari mbaya ije kutoka upande wowote. Jioni ikaingia. Tukayabeba makopo ndani, tukala ugali.

Ni katika chakula kama hicho Bibi alipomgeukia baba. Baba kwa miezi yote ile alikuwa amekuwa mtu wa kukaa. Wafanyabiashara wa mahindi walikuwa wanapita na malori yao, wenzake wa ghala wengine walikuwa wameshaanza kununua na kuuza, yeye alinyoa ndevu kila siku, akavaa suruali ya kazini, akakaa kwenye kiti. Juu ya mama alisema tu kwamba atarudi mambo yakitulia. Bibi yetu wa Muheza alikuwa ameshafariki, hilo tulilijua, na arobaini ilikuwa imepita zamani.

Bibi alimuuliza anangoja nini. Baba akasema, "Mama, nitasimamaje mbele ya kaka zake? Watauliza nafanya kazi gani."

"Waambie mama yako amezeeka, hawezi kukulelea mtoto. Huo si uongo." Akanawa mikono, taratibu, vidole vyote. "Nenda ukamlete mke wako. Kazi utaitafuta akiwa hapa."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ametoka kubeba makopo manne peke yake kwa sababu mimi nilichelewa. Kuzeeka kwenyewe sikukuona. Lakini baba aliinamisha kichwa kama aliyeambiwa jambo zito, na siku chache baadaye akaondoka na lori la maharage kwenda Mbeya ili aunganishe huko mbele. Kiti kilibaki kitupu uani, Bibi akaanikia mahindi ya mbegu juu yake.

Walirudi mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, mchana, wote wawili wakiwa na matope mpaka magotini kwa sababu gari lilikuwa limekwama. Mama alikuwa amekonda. Nilimkimbilia, na sina la kueleza hapo, mwenye mama anajua. Aliponiweka chini alimwendea Bibi, akapiga goti palepale kwenye udongo, akamshika mkono, "Shikamoo mama." Akauinamia ule mkono. Kisha hakuinuka. Alibaki ameuweka usoni, na mabega yakaanza kutikisika, na Bibi akaacha mkono wake pale, ametazama juu ya kichwa cha mama kuelekea barabarani, kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo.

Nilidhani analia kwa furaha ya kuona mirehani imepona. Nilikwenda kuleta kopo ili alie vizuri zaidi. Nimeshazika watu wangu sasa, na najua alichokutana nacho. Alikuwa amezika mama mwenye mikono inayonuka mrehani, akasafiri nchi nzima, akainama kumwamkia mama mkwe ambaye alidhani hampendi, akaikuta harufu ileile.

Siku zilizofuata nilikuwa mkia wa mama. Nilimfuata jikoni, nilimfuata bombani, nikapita katikati ya wale akina mama kifua mbele. Nililala naye, baba akahamia chumba kingine kwa muda na hakulalamika. Bibi alilala peke yake. Nadhani alikaa wiki moja hivi, kisha akaanza kufunga furushi. Mama alimsihi abaki hata mpaka Noeli. Akasema mvua imeshashika na shamba lake halijaguswa jembe, kule watu watamcheka. Mama akampa kopo moja la mrehani. Akalikataa, akasema baridi ya kwao si ya mchezo kama hii ya mjini. Ila alivunja tawi, akasema ni la Bikira Maria, akalichomeka kwenye furushi, jembe begani, akapanda lori. Nilimpungia mkono nikiwa nimeshika khanga ya mama kwa mkono wa pili. Nilikuwa na furaha. Nyumba imetimia, hivyo ndivyo nilivyoona.

Bibi hakuja tena kukaa kwetu. Alikuja kwenye misiba na kipaimara changu, akarudi kesho yake kila mara, na mimi nilikuwa nakua, nina rafiki zangu, nina sabuni zangu. Alipofariki nilikuwa shule ya bweni mbali, wakaniambia nilipokuja likizo. Mama ndiye aliyemvalisha.

Lakini si msiba wake unaonijia nikigusa jani lile. Ni asubuhi ya kesho yake baada ya lori kuondoka. Mama alikuwa amerudi chumbani kwa baba, nami nikawa nimelala peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Bibi alipokuja kunilea. Niliamka nikanyoosha mguu kuelekea ukutani, kwa mazoea, mguu ukakuta shuka tupu. Nikanyoosha tena. Jikoni mama alikuwa anaimba, sufuria zinagongana, chai ya tangawizi inanukia, kila nilichokiomba kwa mwaka mzima kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti mpaka mama akaja na mwiko mkononi, akakaa kitandani, akanishika paji la uso.

"Unalia nini, mwanangu, na mimi nimesharudi?"

Nilitafuta jibu, nikaona litamuumiza, na hata jina la kile kilichoniliza sikulijua. Nikamwambia nasikia baridi. Mama akavua khanga yake akanifunika vizuri mpaka shingoni. Ilikuwa Desemba, dirisha liko wazi, na jua lilikuwa limeshafika kitandani.